Ukiishi Dodoma, fuata saa za Dodoma: namna ninavyoutunza mwili

Mtu akihamia Dodoma kikazi, haipiti muda ataniuliza moja kati ya mambo mawili: nyama choma nzuri iko wapi, na jimu iko wapi. La kwanza halina ubishi, Jumamosi ni mnadani Msalato. La pili huwa namjibu kwa swali: unaamka saa ngapi? Nimeishi hapa miaka mingi, na miaka hiyo yote kazi yangu ni ya kukaa mezani na makaratasi. Ninachoamini ni kwamba mji huu una ratiba yake. Ukiifuata, mwili unatunzika bila gharama kubwa. Ukishindana nayo, utachoka hata hujaanza.

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni kavu, na mvua ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Usiku hupoa, asubuhi ni tamu. Ikifika saa nne jua limeshakuwa kali, na miezi ya kiangazi upepo ukianza kuvuma unakuja na vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Kwa hiyo saa za kuushughulisha mwili ni alfajiri mpaka saa mbili asubuhi, kisha jioni jua likishalegea. Anayepanga kukimbia saa saba mchana, muda wa chakula, anajitesa bure.

Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu kwetu presha imo kwenye ukoo. Nimemuuguza mama yangu baada ya kiharusi. Nimemgeuza kitandani, nimemlisha uji kwa kijiko, nimemshika mkono akijifunza upya kusimama. Aliyeifanya kazi hiyo hahitaji kukumbushwa kwamba mwili hutunzwa ungali mzima.

Mimi natembea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na ukizigawa ni nusu saa kwa siku tano. Wastani maana yake ni mwendo ambao unaweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba. Mimi na jirani yangu tunatoka saa kumi na moja na nusu, tunazunguka mitaa yetu na kurudi kabla watoto hawajaamka kujiandaa na shule. Yeye ni Mgogo wa hapa hapa, na kila tunayepishana naye lazima amwambie "mbukwa", salamu ya Kigogo, hata kama pumzi imekata. Kutembea wawili kuna faida mbili. Asubuhi ya uvivu unamwonea haya mwenzako anayesubiri getini, na kwa sisi wanawake giza la alfajiri si la kulitembea peke yako. Juni na Julai saa kumi na mbili bado ni giza na baridi inauma, kwa hiyo vaa sweta na nguo ya rangi nyeupe au inayong'aa. Kama hakuna njia ya waenda kwa miguu, tembea upande wa kulia wa barabara ili magari yaje mbele yako uyaone. Bodaboda nyingine hazina taa kabisa.

Usianze kwa kukimbia kama hujazoea. Hasa kama umetoka Pwani, huku mwinuko na ukavu wa hewa vinaweza kukufanya uishiwe pumzi mapema wiki za mwanzo. Tembea kwanza, mwendo uongezeke taratibu. Ukishazoea, vilima vyetu vya mawe vipo, na kupanda kilima kunafanyisha moyo kazi kuliko kutembea mahali tambarare. Vaa viatu vinavyoshika, maana mawe yale yana changarawe juu yake na watu wengi huteleza wakati wa kushuka.

Desemba 2016 Serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, ikatenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya watu kutoka na kufanya mazoezi pamoja. Vikundi vya jogging vimekuwa vingi tangu hapo, na ninavipenda kwa sababu vinawatoa nje hata watu wa makamo waliodhani mazoezi ni ya vijana. Jiunge na kimoja, lakini hizo siku nyingine za wiki zisiwe tupu.

Kutembea peke yake hakutoshi, misuli nayo inadai haki yake, angalau siku mbili kwa wiki. Hapa wengi hudhani ni lazima vyuma. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20, na kila nyumba inayo. Ijaze nusu, iweke chini, chuchumaa mgongo ukiwa umenyooka, inuka nayo kwa nguvu ya mapaja, kisha irudishe chini polepole. Rudia mara kumi, pumzika, rudia tena. Pushapu anza kwa kuegemea ukuta, baadaye ukingo wa meza, baadaye sakafu. Ukikaa kwenye kiti muda mrefu, simama kila baada ya saa moja, nenda ukachukue faili mwenyewe badala ya kumtuma kijana wa ofisini. Na ukialikwa kwenye sherehe ya Kigogo ukawaona wale kina mama wanaopiga ngoma wameibana kati ya magoti huku mabega yakicheza, usibaki umekaa. Nyimbo tatu za namna ile ni mazoezi kamili.

Sasa chakula, na hapa ndipo ninapokuwa mkali kidogo. Tumefika mahali ambapo mtu anaishi katikati ya nchi ya uwele na mtama, halafu mchana anakula chipsi mayai na soda, jioni wali mweupe, na wikiendi sinia la nyama. Chakula cha wenyeji wa hapa kinadharauliwa kuwa cha shida, wakati ndicho ambacho daktari akikuona na sukari atakuelekeza ukitafute. Unga wa uwele unasagwa na pumba zake, una nyuzinyuzi na madini ya chuma, na ugali wake unashika tumboni. Tonge chache tu umeshiba, na saa kumi jioni hutafuti kitafunwa. Asiyeuweza uwele ale dona badala ya sembe, au achanganye nusu kwa nusu mpaka ulimi uzoee.

Mboga yake ni mlenda. Sokoni Majengo utaukuta mlenda mkavu uliotwangwa, wa kijani kilichofifia, unapimwa kwa kikombe. Jirani yangu ndiye aliyenifundisha kuuchagua: unachukua kidogo kwenye kiganja, unakipuliza. Ukiruka kama vumbi lote, umesagwa sana na pengine una mchanga. Ukiona vipande vidogo vya majani vimebaki, huo chukua, na unuse, usiwe na harufu ya uvundo. Jikoni anachemsha maji, anatia nyanya, anamimina karanga zilizotwangwa, anaacha zichemke mpaka ziive, kisha ananyunyiza mlenda kwa mkono mmoja huku mwiko unazunguka kwa mkono wa pili ili usifanye mabonge. Haupikwi muda mrefu. Hakuna tone la mafuta ya chupa, kwa kuwa karanga zina mafuta yake.

Kuna jambo moja tulilibadilisha, na ninalisisitiza kwa kila mwenye presha: magadi. Wengi hutia magadi ili mlenda ulainike na kuteleza. Magadi yana sodiamu kama chumvi ilivyo, na hiyo sodiamu ndiyo inayopandisha presha. Mtu anaweza kujisifu ameacha kuongeza chumvi mezani kumbe imeingia kwa mlango wa nyuma, kwenye mlenda, kwenye maharage na kwenye makande. Sisi tumeacha kuyatia, mlenda unateleza vizuri tu. Chumvi yenyewe isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na iliyomo kwenye mkate na vitafunwa vya dukani.

Nyama choma sijaacha na sitamwambia mtu aache. Msalato ninaenda, ila tunaagiza nyama ya kutosha watu waliopo, isiyo na mafuta mengi, kachumbari iwe nyingi, na chumvi iletwe pembeni badala ya kumwagwa juu. Kinywaji ni maji. Soda moja ya chupa ina sukari ambayo usingethubutu kuitia kwenye kikombe chako cha chai. Juisi ya ubuyu au ukwaju ni nzuri mno ukiitengeneza nyumbani bila sukari au kwa kidogo sana. Zabibu zetu ziliwe kama zilivyo, na maganda yake. Ukizikamua unabaki na sukari, na nyuzinyuzi unazitupa.

Maji yanastahili neno lake. Pwani ukitoka jasho shati linalowa, unajua umepoteza maji. Dodoma jasho linakauka likitoka tu, shati ni kavu, na wewe unadhani hujatoka jasho. Ndiyo maana watu wengi ofisini kichwa huwauma saa tisa alasiri, wanameza dawa ya maumivu wakati mwili unaomba maji. Weka chupa mezani mahali unapoiona. Tazama rangi ya mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea, kunywa. Mwenye ugonjwa wa figo au moyo aulize kwanza kiasi chake kwa daktari wake.

Usingizi nitaugusa tu: mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi, na ukitaka kuamka alfajiri, simu izimwe mapema. Hakuna njia ya mkato hapo.

Mwisho, pima. Presha haiumi wala haitoi dalili mpaka imeharibu kitu. Ukiwa umeshafika miaka 40, au kwenu ipo kwenye familia, pima hata kama unajisikia mzima. Na ipimwe kwa utaratibu. Usiwe umetoka kunywa kahawa au kupanda ngazi muda huo huo. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea kiti, miguu yote chini bila kukunja nne, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, na usiongee wakati kipimo kinafanya kazi. Andika namba zote mbili na tarehe kwenye daftari. Zikiwa 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, usibadili tu chakula ukasubiri, nenda kituo cha afya na daftari lako. Ukishaandikiwa dawa, usiziache kwa kuwa siku hizi unatembea na unajisikia vizuri. Mwonyeshe daktari namba zako mpya, yeye ndiye atakayeamua kama dozi ipunguzwe.