Vivuli ama uvuli kwenye gemu ya simu?

Kijana mmoja wa Lamu anatengeneza gemu ya mashindano ya majahazi, ya kuchezwa kwenye simu, kauliza: kwenye menyu aandike vivuli ama uvuli, na ile riali taimu (real time) ya vivuli ndo wakati halisi?

Andika vivuli, ndugu yangu. Uvuli ni pahali jua halifiki, ndo ule watu wanaukalia pale Mkunguni mbele ya ngome. Kivuli kina mwenyewe: cha tanga, cha mlingoti, cha punda, mwenyewe akisogea nacho kinasogea, na hicho ndicho simu yako inachora. Watu husema pia kaa kivulini na si kosa, lakini jaribu kusema uvuli wa punda unakimbia ukutani, sikio linakataa.

Wakati halisi siipendi kabisa. Halisi ni kinyume cha bandia, sasa mchezaji atauliza kwani kuna wakati wa uongo? Kinachotokea ni kwamba simu inahesabu upya kila fremu, yaani kila picha moja, na gemu ikienda fremu 60 kwa sekunde ina kama milisekunde 16 tu kumaliza picha nzima, vivuli humo humo. Kwa Kiswahili hiyo ni papo hapo. Vivuli vya papo hapo, na vile vya nyumba na kuta, visivyosogea, viite vivuli vilivyochorwa kabla, basi.

Pa kuangalia sana ni ile ramani (depth map), picha ya umbali inayoiambia simu wapi pana kivuli. Njia inayotumika mno ni ya Lance Williams, mtaalamu wa michoro ya kompyuta, ya 1978: unachora kwanza kila kitu kama unatazama ukiwa kwenye jua, unahifadhi umbali tu, halafu ukichora kwa jicho la mchezaji unalinganisha, nukta iliyo mbali na jua kuliko umbali uliohifadhiwa imezibwa, ipo kivulini. Naona watu wanaandika ramani ya kina. Msomaji ataelewa ramani yenye maelezo mengi, kama tunavosema maelezo ya kina, na kwa gemu ya bahari ni mbaya zaidi maana atadhani ni kina cha maji! Sema ramani ya umbali. Na ile mistari myeusi inayotokea kwenye sitaha ulinganishaji ukikosea kidogo, usiiite chunusi vile Wazungu wanavoiita acne, huku pwani chunusi ni jini la majini linalozamisha watu. Andika michirizi.