Maswali ya Wasomaji: Viraka vya Mianya ya Faili katika Seva za Unix

SWALI: Mimi ni msimamizi wa maabara ya kompyuta katika chuo kimoja hapa Kisumu. Tuna seva moja ya Linux ambamo kila mwanafunzi ana akaunti yake ya kuhifadhi kazi na kufanyia mazoezi ya kuandika programu. Kila tangazo la usalama linapotoka na kueleza kuwa mwanya uliogunduliwa ni wa ndani, mkuu wangu huniagiza nisubiri likizo ndipo niweke kiraka, yaani marekebisho ya mwanya huo, kwa hoja kwamba mtu wa nje hawezi kuutumia na kwamba ruhusa za faili tumezipanga vizuri. Je, hoja hiyo ina msingi?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Mkuu wako ana haki ya kutotaka seva izimwe katikati ya muhula, lakini hoja aliyoitoa haina msingi, na katika chuo ni ya hatari kuliko katika ofisi ya watu watatu. Mwanya unapotajwa kuwa wa ndani, maana yake ni kwamba anayeutumia lazima kwanza awe na uwezo wa kuendesha programu katika mashine hiyo. Wanafunzi wako wote wana uwezo huo, kwa kuwa ninyi wenyewe mmewapa. Anao pia yeyote aliyeiba nenosiri la mwanafunzi mmoja, hata akiwa nchi ya mbali. Vilevile, ikiwa seva hiyo ina tovuti, basi tovuti nayo huendeshwa na mtumiaji wake maalumu, na kasoro katika tovuti inaweza kumpa mgeni nafasi ya kuendesha programu kwa jina la mtumiaji huyo. Kutoka hapo mwanya wa ndani ndio unaompandisha hadi kwenye akaunti kuu, yaani root. Seva ya namna hii ni kama ploti ya wapangaji: mlinzi wa lango hawezi kumzuia mtu aliyekwisha kupewa ufunguo wa chumba chake, na kinachowalinda majirani ni kufuli la kila mlango.

Kuhusu ruhusa za faili, ni vyema kwamba mmezipanga, na ninakusihi uendelee kuzipanga. Tangu miaka ya mwanzo ya Unix, mfumo ambao Linux imeufuata, katika maabara za Bell huko Marekani, kila faili limekuwa na mwenyewe na ruhusa za kusoma, kuandika na kuendesha, na anayezikagua ruhusa hizo kila faili linapofunguliwa ni kiini cha mfumo (kernel), yaani programu ya msingi inayosimama kati ya programu nyingine na mashine. Kwa hiyo ruhusa zina nguvu kwa kadiri ile tu ambayo kiini chenyewe ni kizima. Kiini kikiwa na kasoro katika njia zake za kushughulikia faili, mpangilio wenu mzuri hauulizwi kabisa.

Mfano ulio wazi ni mwanya uliopewa jina Dirty Pipe, ambao Max Kellermann aliutangaza tarehe 7 Machi 2022. Alianza kwa kufuatilia malalamiko ya kawaida sana, kwamba baadhi ya faili za kumbukumbu za seva zilikuwa zimeharibika na hazikuweza kufunguliwa, na badala ya kuzifuta na kusahau alichimba hadi akafika ndani ya kiini cha Linux. Chanzo kilikuwa hiki: Linux inaposoma faili kutoka kwenye diski, huhifadhi kurasa zake katika memori ili zisomwe upesi mara nyingine, na kurasa hizo zinaweza kuunganishwa moja kwa moja na paipu, yaani njia ya kupitishia data kutoka programu moja hadi nyingine. Kila nafasi ndani ya paipu ina alama zinazoeleza jinsi ya kuitumia, na tangu toleo la 5.8 alama moja ilikuwa haisafishwi nafasi ilipotumiwa upya. Matokeo yake, data iliyoandikwa kwenye paipu iliweza kuangukia juu ya ukurasa wa faili ambalo mwandikaji aliruhusiwa kulisoma tu. Faili la orodha ya watumiaji, /etc/passwd, husomwa na kila mtu katika seva, kwa hiyo mwanafunzi yeyote angeweza kulibadilisha na kujipa mamlaka ya root. Tena kiini hakikuwa na habari kwamba ukurasa ule umebadilishwa, hivyo badiliko lingeweza kutoweka baada ya seva kuwashwa upya, na mchunguzi akakuta diski iko salama. Marekebisho yaliingizwa katika matoleo ya 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102.

Kabla ya huo kulikuwa na Dirty COW, uliofichuliwa Oktoba 2016, nao pia ulimwezesha mtumiaji wa kawaida kuandika juu ya faili alilopaswa kulisoma tu. Kasoro yake ilikuwa imekaa ndani ya kiini tangu 2007. Ninautaja kwa sababu ulikuwa tayari ukitumiwa na wahalifu ulipotangazwa, na seva ya chuo iliyosubiri likizo ya Desemba ingekaa wazi wiki nyingi huku maelekezo ya kuutumia yakipatikana na kila mtu.

Ninakushauri uafikiane na mkuu wako kuhusu muda maalumu wa kila wiki, kwa mfano Jumapili jioni, ambapo seva inaweza kuwashwa upya bila kibali kipya kila mara. Viraka vya usalama vipakuliwe vyenyewe, na katika Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, kazi hiyo hufanywa na programu ya unattended-upgrades. Hofu kwamba seva haitarudi ni ya haki, hasa mahali ambapo umeme hukatika; lakini mfumo kwa kawaida hukibakiza kiini cha zamani katika menyu ya kuwashia, na unaweza kukirudia kiini kipya kikikataa. Sehemu za /tmp na /home ziwekewe kizuizi cha nosuid, ili programu iliyopachikwa humo isichukue mamlaka ya mtu mwingine. Hakikisha pia kwamba mpangilio wa kiini uitwao fs.protected_symlinks umewekwa kuwa 1, kwa kuwa hila ya zamani katika Unix ni mtumiaji kutega kiungo (faili linaloelekeza kwenye faili jingine) ndani ya /tmp kwa jina ambalo programu ya root inatarajiwa kulitumia, ili programu hiyo iandike mahali ambapo mtegaji mwenyewe asingeweza kufika. Ulinzi huo umo ndani ya Linux tangu toleo la 3.6 la 2012. Hatua hizi mbili za mwisho husaidia, ila hakuna hata moja kati yake ambayo ingezuia Dirty Pipe; huo uliponywa na kiraka peke yake.

SWALI: Nasimamia seva ya chama cha akiba na mikopo Nakuru. Mkaguzi ameandika kwamba kiini chetu ni cha zamani na kina mianya, kwa sababu namba yake ni ndogo kuliko ya toleo lililorekebishwa. Mimi nilisasisha kila kitu mwezi uliopita. Nani ana haki?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Huenda mkaguzi amekosea, na huenda wewe bado hujamaliza kazi. Watengenezaji wa mifumo kama Debian na Red Hat huchukua marekebisho ya kiini kipya na kuyaingiza katika kiini kile kile cha zamani ili programu za wateja zisivurugike. Red Hat Enterprise Linux 8, kwa mfano, imebaki na namba 4.18 maisha yake yote. Mwonyeshe mkaguzi tangazo la usalama la mtengenezaji wa mfumo wenu, ambalo hutaja mwanya kwa namba yake ya CVE (namba ya utambulisho wa mwanya) pamoja na kifurushi kamili kilichoutibu, kisha mlinganishe kifurushi hicho na kilichomo katika seva.

Hata hivyo, jiulize kama seva iliwashwa upya baada ya kusasishwa. Amri ya uname -r huonyesha kiini kinachofanya kazi sasa, ambacho kinaweza kuwa tofauti na kilicholala ndani ya /boot kikisubiri. Katika Ubuntu, kuwepo kwa faili la /var/run/reboot-required ni ishara kwamba unatakiwa kuwasha upya. Jambo hilo linahusu pia maktaba za programu, yaani faili za msimbo zinazotumiwa na programu nyingi: katika Unix, faili la zamani lililobadilishwa kwa jipya huendelea kuishi kwa ajili ya programu iliyolifungua mapema, mpaka programu hiyo iliachie, na kwa hiyo huduma iliyowashwa miezi mitatu iliyopita inaweza kuwa bado inatumia maktaba yenye kasoro ijapokuwa diski ina mpya. Programu ya needrestart itakuorodheshea huduma za aina hiyo.

SWALI: Kliniki yetu Bungoma ina seva ya CentOS 7, aina ya Linux, yenye kumbukumbu za wagonjwa. Mwaka 2022 fundi aliondoa alama ya setuid (inayoifanya programu iendeshwe kwa mamlaka ya mwenye faili lake) kwenye pkexec, programu ya kuendesha amri kwa mamlaka ya mtumiaji mwingine, akasema inatosha. Baadaye programu ya kumbukumbu ilipokataa kufungua faili, aliweka ruhusa 777 kwenye folda nzima. Je, tuko salama?
Msomaji, Bungoma

JIBU: Hapana, dada au kaka msomaji, na ninaomba mlishughulikie jambo hili mwezi huu. Alichokifanya fundi kwa pkexec kilikuwa sahihi kwa siku zile: kampuni ya Qualys ilipotangaza mwanya wa PwnKit Januari 2022, uliokuwa ndani ya programu hiyo tangu 2009, kuondoa setuid kulipendekezwa kama kinga ya muda kwa waliokuwa wakisubiri kiraka. Kiraka kilikuja, nanyi hamkukiweka. Zaidi ya hapo, CentOS 7 iliacha kupokea viraka tarehe 30 Juni 2024, kwa hiyo kila mwanya uliogunduliwa baadaye umebaki wazi kwenu. Hamieni mfumo unaotunzwa, kama AlmaLinux au Rocky Linux.

Ruhusa ya 777 humruhusu kila mtumiaji wa seva kusoma na kubadilisha kumbukumbu za wagonjwa, na hapo mshambuliaji hahitaji mwanya wowote. Undeni kikundi kimoja cha watumiaji kwa ajili ya programu hiyo, folda ipewe kikundi hicho, na ruhusa ziwe 770 kwa folda na 660 kwa faili, ili mwenyewe na kikundi pekee wazifikie. Amri ya find / -xdev -type f -perm -0002 itawaonyesha faili nyingine zilizoachwa wazi kwa wote katika diski ya mfumo. Ikiwa mna diski nyingine, irudieni huko. Mkigundua kwamba mtu asiyehusika amezifikia kumbukumbu hizo na kwamba wagonjwa wanaweza kudhurika, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawataka mumjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu mlipopata habari. Kabla ya kuhama, nakilini kumbukumbu zote kwenye diski ya nje, kisha mzirudishe katika kompyuta nyingine na daktari mmoja afungue faili kadhaa za wagonjwa wake ili athibitishe kuwa zimekamilika.