Kabla hujahamisha maduka kwenda klaudi, nenda kasimame kaunta

Kama bosi ameshakwambia mwaka huu mnahamia klaudi, yaani mfumo wa mauzo ukae kwenye kompyuta za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti, na wewe ndio mtu wa IT, naomba kabla hujafungua akaunti popote uende ukasimame kaunta nusu siku, uangalie tu keshia anavyouza. Mimi sikufanya hivyo, nilianza na seva, zile kompyuta zinazotunza bei na mauzo, maana ndio nilizokuwa nahangaika nazo kila siku, kila tawi na seva yake ndogo chini ya meza, feni zinapiga kelele, bekapu leo ipo kesho haipo.

Kuhama kwenyewe kulienda vizuri kabisa. Shida ilikuja Jumamosi ya kwanza, mchana duka limejaa, laini ya intaneti ya tawi moja ikakata na kaunta zote nne zikaganda hapo hapo. Zamani intaneti ikikata hakuna aliyekuwa anajua sababu bei zilikuwa kwenye seva ya humo humo ndani, sasa kila barkodi ikipigwa lazima iende kuulizwa mbali huko ndio bei irudi. Kuna mama alikuwa ameshapigiwa vitu kama ishirini, keshia anapiga cha mwisho, sabuni, kioo kinazunguka tu, anapiga tena, kinazunguka, foleni nyuma inarefuka na watu wameanza kuguna, yule mama akasubiri weee mwisho akaacha kikapu kilivyo akatoka. Iliniuma sana, maana keshia ndiye aliyekuwa anaangaliwa vibaya na kosa halikuwa lake.

Kwa hiyo jambo la kwanza: kila kaunta iwe na nakala yake ya bidhaa na bei, iweze kuuza yenyewe, intaneti ikirudi ndio itume mauzo. Anayekuuzia programu atakwambia hiyo ipo, usikubali kwa maneno. Chomoa waya wa intaneti mbele yake, uza masaa mawili, rudisha bidhaa moja kama mteja amebadili mawazo, halafu zima kompyuta uiwashe waya ukiwa bado nje. Hapo kwenye kuwasha ndio wengi wanakwama, kwa sababu programu inauza vizuri tu ila kulogin lazima iulize klaudi kwanza.

Tukarekebisha hilo, likaja lingine ambalo lilituchukua muda kuligundua. Kaunta inatuma mauzo, klaudi inapokea, lakini lile jibu la kwamba imepokea linapotea njiani laini ikiyumba, basi kaunta inadhani haijatuma, inatuma tena, na stoku inakatwa mara mbili. Tulikuja kushtuka siku ya kuhesabu mali, mfumo unasema mafuta ya kupikia yameisha na mimi nimesimama mbele ya shelfu imejaa. Dawa yake ni kaunta yenyewe iipe risiti namba ya kipekee pale pale inapouza, na klaudi ikiona namba iliyokwisha kuingia isiihesabu tena. Mwambie developa wako mapema.

Na saa! Seva za klaudi mara nyingi zinakuja na saa ya UTC, ile saa ya kimataifa ambayo si saa ya hapa kwetu, kwa hiyo mauzo ya mwanzo au mwisho wa siku yanaweza kuangukia tarehe isiyo yake na mhasibu akafunga hesabu hazikubali. Hifadhi muda kwa UTC sawa, ila ripoti ikate siku kwa saa za duka.

Kuhamisha data piga hesabu kabla. Terabaiti 4 kwa laini ya megabiti 50 kwa sekunde ni zaidi ya siku 7 mfululizo, na hapo laini haifanyi kitu kingine chochote. Tanguliza za zamani, usiku unatuma mabadiliko tu. Kuingiza data klaudi kwa kawaida ni bure, kuitoa ndio kuna bili, na mashine za majaribio mlizowasha huko klaudi mkasahau kuzima nazo zinahesabiwa, weka alamu ya bajeti siku ya kwanza.

Wapo watakaosema klaudi haianguki. Tarehe 28 Februari 2017 S3, huduma ya klaudi ya Amazon ya kuhifadhi data, huko Virginia, Marekani, ilianguka kama masaa manne, na chanzo ni amri moja iliyoandikwa vibaya wakati wa matengenezo, tovuti kibao zikaenda nayo. Mfano huo ndio ulimfanya bosi wetu akubali kulipia ile nakala ya kaunta, alikuwa anaona ni gharama ya bure.

Anza na tawi dogo, katikati ya wiki, mbali na mwisho wa mwezi, na seva ya zamani iache ikiwaka mpaka mhasibu afunge mwezi mzima bila tofauti. Siku hizi tawi jipya likiwa tayari, kabla mlango haujafunguliwa naenda mwenyewe nachomoa waya, keshia anauza na mimi nimeushika mkononi.