Mwanangu, ule kwanza

Mkunazini, Unguja
Jumamosi jioni

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho nimevua miwani na simu nimeisogeza puani kabisa. Ungenipigia tungelia wote wawili tusiambiane kitu, kwa hiyo umefanya vyema kuandika, nami nakujibu kwa kuandika. Umeniuliza hivi: "Mama, tangu Pasaka nikisali maneno yanaishia darini. Usiku silali, asubuhi sitaki kuamka, nikifika kazini nacheka na watu kama kawaida. Dada mmoja wa kikundi cha maombi kaniambia huzuni ni mlango wa shetani, mwenye imani hahuzuniki, nifunge siku tatu. Je, imani yangu imekufa?"

Haijakufa. Ingekuwa imekufa usingekuwa macho saa nane za usiku unaitafuta.

Na kufunga usifunge. Umeandika mwenyewe kwamba wiki nzima chakula chako ni chai na kipande cha boflo, tena hukimalizi. Sasa utafunga nini? Kufunga ni sadaka ya mtu mwenye sahani mbele yake na hamu ya kula, akaiacha kwa ajili ya Mungu. Wewe hamu imekwisha ondoka yenyewe. Huyo dada usimchukie, ndivyo alivyofunzwa, na pengine maneno hayo hayo anajipiga nayo mwenyewe usiku. Lakini usimtii.

Sasa nataka kukwambia jambo ambalo tulikuficha, na marehemu babako alikwenda nalo kaburini kwa sababu mimi nilimwomba.

Ulipokuwa darasa la pili, ulirudi skuli siku moja ukaambiwa mama anaumwa tumbo. Unakumbuka? Ulipelekwa kulala kwa shangazi yako karibu wiki mbili, ukarudi na viatu vipya. Siku ile nilikuwa nimejifungua mtoto asiyelia. Mdogo wako, wa kike. Babako na wazee wawili wa kanisa ndio waliomzika, mimi sikuweza kusimama. Nilipotoka kitandani nikakuta kila mtu ana neno la kunipa. Mmoja akasema Mungu kamtaka malaika. Mwingine, mtu mzima wa kuheshimiwa, akaniuliza kama kuna dhambi sijaungama. Mwanangu, swali hilo nililala nalo na kuamka nalo miezi.

Mtu mmoja tu hakuwa na neno: bi mkubwa wa mlango wa pili, unamkumbuka, yule aliyekuwa akikupa vibibi wakati wa Ramadhani. Yeye alikuja na bakuli la uji wa pilipili manga. Unajua uji ule hupewa nani. Hupewa mzazi, mwanamke aliyetoka kujifungua. Nyumba nzima walikuwa wakinipikia supu ya mgonjwa, na yule mama, Muislamu, asiyejua hata sala moja ya kwetu, ndiye pekee aliyeniona kuwa ni mzazi. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akatandaza kanga mapajani, akaanza kumenya mbatata alizokuja nazo kutoka kwake. Hakusema kitu. Nikanywa uji, akamaliza mbatata zake, akakunja maganda ndani ya kanga akaondoka. Kesho yake akarudi. Alikuja siku arubaini.

Wakati ule maneno yangu hayakufika hata darini. Yalikuwa hayatoki mdomoni. Nilikuwa bado na zamu ya kufua vitambaa vya madhabahu, kwa hiyo nilikwenda kanisani, nikivirudisha nikakaa kwenye benchi la nyuma mchana wakati hakuna misa. Sikusali. Nilikuwa nakaa tu kwa sababu palikuwa na ubaridi na hakuna mtu wa kuniuliza. Unazijua zile nguzo za karibu na mlango, zilizosimama kichwa chini miguu juu. Tunasimuliwa kwamba Askofu Steere wa Kianglikana, aliyelijenga kanisa letu hili la Mkunazini, alikuwa safarini, mafundi wakazisimika kinyume, naye aliporudi akaziacha. Siku moja mwongozaji akawa anawaeleza wageni habari hiyo, mgeni mmoja mnene akainamisha kichwa hadi magotini ili azione sawa, kofia ikamdondoka. Nikacheka. Kicheko cha kwanza tangu mazishi. Sikupata ufunuo wowote hapo, usinitafutie. Nilicheka, nikarudi nyumbani, na usiku ule nikalala saa nne mfululizo.

Ni baada ya hapo ndipo nilipomsoma nabii Elia upya. Habari zake unazijua tangu Sunday skuli: moto umeshuka Karmeli, manabii wa Baali wameshindwa, ushindi mtupu. Lakini ukurasa unaofuata hawakutufundisha sana. Mtu huyo huyo anakimbia jangwani, anajitupa chini ya mti, anamwambia Mungu yatosha, niondoe roho yangu. Sasa angalia alivyojibiwa. Mungu hakumwuliza ana dhambi gani. Hakumwambia afunge. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akamwambia inuka ule, na pale kichwani pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na neno lile lile: inuka ule, safari hii ni kubwa mno kwako. Mazungumzo, mlima, ile sauti ndogo ya utulivu tunayopenda kuihubiri, yote yalikuja baadaye, mtu ameshashiba na kulala. Mimi niliposoma pale niliona bakuli la uji. Nikalia kilio kingine, si kile cha mwanzo.

Kwa hiyo kama unaniuliza ukue vipi kiroho sasa hivi, nakujibu kama malaika yule. Kula. Lala. Simu isilale nawe ndani ya chandarua, iwekee mahali mbali, ununue saa ya kengele ya kawaida, hapo mjini Chake Chake zipo. Asubuhi jua likitoka toka nje hata dakika ishirini, uende kwa miguu badala ya kusubiri gari. Najua haya yanasikika kama maneno ya mwalimu wa afya. Basi ni ya malaika pia.

Na kusali? Usitafute maneno yako, umeishiwa nayo. Azima. Ndiyo faida ya Kitabu cha Sala ambacho nyinyi vijana mnakiona kizee. Mimi miezi ile nilisoma zaburi ya siku kama mtu anayesoma risiti ya umeme, sauti moja, bila machozi, bila utamu, nikafunga kitabu. Nilijilaumu, hadi padri wetu wa wakati ule akaniambia nisome ile ya 88. Isome. Zaburi nyingine zinalia kisha zinageuka na kushukuru, hiyo haigeuki. Inaanza na kilio na inakwisha gizani, neno la mwisho ni giza, na wazee wa imani hawakuitoa kwenye kitabu wala hawakuiongezea mstari wa furaha. Sasa atakayekwambia mwenye imani hahuzuniki, atwambie na Bwana Yesu Gethsemane alikuwa na upungufu gani, aliposema roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akawaomba rafiki zake wakeshe naye. Wakalala, wale. Hata yeye aliomba watu wa kukaa naye.

Tena sisi wa hapa ndio wa mwisho wa kuambiwa kwamba huzuni haina nafasi kanisani. Umepiga magoti tangu mtoto mbele ya lile duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu. Hapo ndipo panaposemwa kwamba palikuwa na mti wa kuchapia watumwa. Soko la watumwa lilifungwa 1873, na Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa papo hapo. Wangeweza kutafuta kiwanja kingine, chenye upepo wa bahari na historia nzuri. Bibi wa bibi yangu aliwekwa Mbweni, kwenye shamba la misheni, pamoja na watoto wenzake waliokombolewa majahazini. Hakujua kwao ni wapi. Hakujua jina alilopewa na mama yake. Alibatizwa, akafundishwa kushona na kusoma, akaolewa, akazaa, na kila akisikia ngoma fulani, bibi alinisimulia, alikuwa akiacha kazi na kuingia ndani mpaka iishe. Aliendelea hivyo hadi uzee wake. Hakuna aliyemwambia imani yake ina kasoro. Ndiye aliyetuachia imani hii.

Sasa upo Pemba na msimu umeanza, nawe umeniandikia kwamba harufu ya karafuu inakuumiza kichwa. Mimi inanirudisha Wete, huko huko Pemba. Ukishazichuma na kuzichambua makonyo, kazi inayobaki ni kuanika, kugeuza na kuanua. Tulipokuwa watoto tulikuwa hatuna subira, kila mara tunakwenda jamvini kuing'ata moja tuone kama imekauka, na bibi yako akitufukuza, "Ondokeni, mnazichosha!" Siku ya nne au ya tano, jua likiwa zuri, ukiivunja kwa vidole inalia. Kilo 3 za mbichi zikikauka hubaki kama kilo 1. Mtu asiyejua karafuu, akipita kila siku akaona zinanywea, zinakuwa nyeusi, zinapungua uzito, atasema mali ya watu inaharibika. Sisemi kwamba Mungu ndiye aliyekuanika. Sijui, na wanaojua sana kwa nini Mungu kafanya hivi au vile wananitia shaka. Nasema tu, acha kujing'ata kila usiku kuona kama umeshakauka. Sali sala yako fupi, uzime taa.

Limebaki la daktari, nalo nataka ulisikie vizuri kuliko yote.

Madaktari wanasema mtu akiwa na huzuni au kukosa hamu karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, na usingizi na kula vimeharibika, asikae akisubiri ipite, akaonwe. Wewe ni tangu Pasaka. Hii si siku mbaya, mwanangu, huu ni ugonjwa wenye jina na wenye tiba. Nenda hospitali hapo Chake, omba kuonana na mhudumu wa afya ya akili, umwambie kama ulivyoniambia mimi, usimpe kile kicheko cha kazini. Najua kinachokuzuia. Sisi hapa mjini tulikua tukitukanana kwa jina la Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili, mtoto akikasirika kidogo tu anaambiwa gari lake linakuja. Ujinga ule umetugharimu. Mimi miezi ile ningeonana na mtu wa kunisikiliza, usingelala kwa shangazi yako mara tatu mwaka ule. Na marehemu babako, kila asubuhi alikunywa kidonge cha presha, kisahani cha vidonge kikikaa juu ya Kitabu cha Sala miaka kumi na moja. Nani alimwuliza imani yake iko wapi?

Na mimi nakuuliza swali moja, unijibu bila kunisitiri. Je, umewahi kuwaza kwamba bora usingekuwepo? Elia aliwaza, na hakuvuliwa unabii. Sitapiga kelele, sitakulaumu. Lakini wazo hilo likija usikae nalo peke yako hata saa moja. Nipigie usiku wa manane, mwamshe mwenye nyumba wako, nenda hospitali na kanga ulizolala nazo. Kama limeshakuja, niambie leo, na boti ya asubuhi nitapanda mimi. Bahari ya Pemba hainipendi, unajua, nitatapika njia nzima, lakini nitafika.

Padri wa huko nenda kamwone pia, baada ya daktari au kabla, nakuachia. Mwombe asali nawe, asikuhubirie. Kama anajua kazi yake ataelewa tofauti.

Mdogo wako tulimpa jina. Nitakwambia tukiwa pamoja, si kwenye karatasi.

Nimemtuma kijana wa jirani na mzigo, atashuka bandari ya Mkoani kesho mchana, apandie gari hadi kwako. Ndani muna mkate wa kumimina, chupa ya achari ya embe (nimeifunga kwa mfuko mara mbili, ifungulie jikoni, si juu ya nguo), na unga wa mtama wa uji. Pilipili manga sikuweka, huko mnazo. Uchemshe maji kwanza, unga uukoroge pembeni kwa maji baridi usifanye madonge, tangawizi kidogo.

Nipigie ukishakula.

Mamako