Umesoma Biashara, Unataka Kuwa Mshauri wa Mifumo Nje ya Nchi: Maswali na Majibu

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa vijana wenye shahada za biashara na uhasibu wanaotaka kufanya kazi ya ushauri wa TEHAMA ughaibuni. Nimejibu tano.

Nina BCom ya uhasibu, sijawahi kuandika programu hata mstari mmoja. Nitafaa kweli? (Msomaji, Morogoro)

Unafaa, mdogo wangu. Mshauri wa mifumo ya biashara kama SAP, Oracle au Odoo, yaani programu zinazoendesha hesabu, manunuzi na stoo za kampuni, hashindi akiziandika. Anakaa na mhasibu, mtu wa manunuzi na mtunza stoo, anawauliza kazi yao inavyokwenda, anaandika mahitaji yao, anaupanga mfumo uyafuate, anaujaribu, anahamisha data za zamani, kisha anawafundisha watumiaji.

Chukua manunuzi peke yake. LPO, yaani hati ya kuagiza mzigo, inatoka, mzigo unapokelewa stoo, ankara inaletwa. Mfumo lazima ulinganishe nyaraka hizo tatu kabla hela haijalipwa. Je, mzigo ukija pungufu? Bei kwenye ankara ikizidi ile ya LPO? Mzigo ukipokelewa tarehe 30 na ankara ije mwezi unaofuata, gharama inakaa mwezi gani? Hapo fundi wa programu asiyejua hesabu hukwama, na wewe ulishayasoma darasani. Nimewaona wahandisi hodari wakihangaika siku nzima na jambo ambalo mhasibu aliyewahi kufunga hesabu za mwezi angelimaliza kabla ya chai.

Ongeza vitu vitatu: SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, ya kukuwezesha kuchota data mwenyewe, Excel ya kina, na moduli (sehemu) moja ya mfumo mmoja uijue mpaka ndani. Kwako ningependekeza SAP FI, yaani upande wa fedha. Kampuni nyingi bado zinatumia toleo la zamani, SAP ECC, ambalo matengenezo yake ya kawaida yanakoma mwisho wa 2027, kwa hiyo zinahamia toleo jipya, S/4HANA, na zinahitaji watu. SAP na Microsoft wana masomo ya bure mtandaoni, na Odoo ina toleo la bure unaloweza kulipakia kwenye kompyuta yako leo. Mtihani wa cheti ulipie baada ya kuushika mfumo kwa mikono.

Kila tangazo linataka uzoefu. Nitaupata wapi? (Msomaji, Nairobi)

Nyumbani. Najua si jibu ulilolitaka, ila kwa maoni yangu miaka miwili au mitatu kwenye kampuni inayofunga mifumo Nairobi, Kampala au Dar es Salaam ina thamani kuliko shahada ya pili. Ukikosa nafasi huko, ingia kama mhasibu kwenye kiwanda, benki au SACCO inayobadilisha mfumo, ujitolee kuwa mtu wa idara yako kwenye mradi. Kazi ya kusafisha orodha ya wateja na kulinganisha salio la zamani na jipya wengi huikimbia. Ichukue.

Kenya ina jambo jingine la kukubeba: eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi. Kama umewahi kuunganisha mfumo wa mauzo na KRA, liandike juu kabisa kwenye CV yako. Saudi Arabia ililazimisha ankara za kielektroniki tangu Desemba 2021, na kuanzia 2023 ikaanza kuziunganisha kampuni na mamlaka ya kodi kwa awamu. Ujerumani nayo, tangu Januari 2025, inataka kampuni ziweze kupokea ankara za kielektroniki. Ndugu zetu wa Tanzania waliofanya kazi na EFD na VFD, mashine na programu za risiti za TRA, hili linawahusu pia.

Nimesikia Ujerumani imewatengea Wakenya kazi 250,000. Niombe vipi? (Msomaji, Mombasa)

Hazipo. Mkataba wa Kenya na Ujerumani uliosainiwa Berlin tarehe 13 Septemba 2024 hautaji idadi yoyote, na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani iliikanusha habari hiyo. Kila mtu anaomba kwa sifa zake.

Njia iliyopo ni Chancenkarte, yaani kadi ya fursa, iliyoanza Juni 2024, inayokuruhusu kuishi huko hadi mwaka mmoja ukitafuta kazi. Shahada yako ikitambuliwa kikamilifu, huhesabiwi pointi. Isipotambuliwa hivyo, unahitaji pointi 6: kwa mfano, umri usiozidi miaka 35 ni 2, uzoefu wa miaka miwili katika fani yako ndani ya mitano iliyopita ni 2, Kijerumani cha B1 (ngazi ya kati; A1 ndiyo ya mwanzo) ni 2. Mzigo mzito ni fedha. Kwa 2025 walitaka uthibitisho wa euro 1,091 kwa kila mwezi, karibu euro 13,000 kwa mwaka, na kibarua unachoruhusiwa ni saa 20 kwa wiki. Ndiyo maana namshauri mtu mwenye uzoefu atafute mwajiri akiwa bado nyumbani, aingie kwa Blue Card, kibali cha wenye shahada waliokwisha kupata kazi. Kwa kazi za TEHAMA, mshahara wa chini kwa 2025 ulikuwa euro 43,759.80 kwa mwaka kabla ya makato.

Kiingereza hakitoshi? (Msomaji, Arusha)

Kwa Dubai kinatosha. Kwa Ujerumani kitakuvusha usaili wa kampuni kubwa, lakini mteja ni kiwanda cha mji mdogo na mhasibu wake anaeleza matatizo yake kwa Kijerumani. Goethe-Institut, inayofundisha Kijerumani, ipo Dar es Salaam na Nairobi. Anza sasa. Mwenye Blue Card anayefika B1 anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miezi 21. Mwenye A1 husubiri 27.

Mwanangu ana shahada ya biashara. Wakala anataka milioni nane ampeleke Dubai kwa viza ya matembezi, kazi ya TEHAMA ataikuta huko. Niuze kiwanja? (Mama, Tanga)

Shikamoo mama. Usiuze, nakuomba. Viza ya matembezi haimruhusu kufanya kazi, na sheria ya kazi ya huko ya 2021 inakataza kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa. Ni za mwajiri. Wakala wa kweli humpa kijana jina la kampuni, cheo, mshahara na barua ya ajira kabla hajapanda ndege. Muulize huyo wakala hayo manne, kisha nenda TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, uulize kama anatambulika. Mkataba ukija kwa maandishi, nitumie nakala niusome kabla mwanao hajasaini.