Maswali ya bustani: banda letu la kujitolea hapa Mtwara mjini

Haya jamani, tangu niseme tumepandikiza upya nyanya kwenye kitalu nyumba chetu, ile grinihausi ya watu wa mtaa, meseji zimekuwa nyingi mno, ngoja nijibu zinazojirudia.

Joto la Mtwara lote hili, banda la nailoni la nini tena? (kaka wa Ligula)

Kaka, hata sisi tulijiuliza ila tulikuwa tumeshachelewa. Wazungu wanajenga ili baridi isiingie, huku kwetu banda ni la kukinga mvua, wadudu na jua kali, joto lenyewe tunalifukuza. La kwanza tulilizungushia nailoni pande zote kama tulivyoona kwenye picha za Wazungu, ikafika Novemba, saa saba mchana humo ndani hukai dakika tano, nyanya zikatoa maua mazuri kweli af yakadondoka yote, chini manjano matupu, tunda hata moja hamna. Mchana ukizidi nyuzi 32 hivi na usiku nao haupoi, maua ya nyanya hayashiki. Sa hivi nailoni ni paa tu, pembeni neti mwanzo mwisho, juu tumeacha uwazi hewa ya moto itoke, na joto likianza kupanda tunatandaza neti nyeusi ya kivuli.

Miche yangu inanywea shingoni inalala, niongeze maji? (mama wa Chikongola)

Mama usiongeze hata tone! Hiyo ni kinyausi, fangasi wa kwenye udongo, na anapenda unyevu kuliko kitu chochote. Sisi tulipoteza trei nzima ya hoho kwa huruma za watu: asubuhi mzee mmoja anamwagilia, mchana kijana wa bodaboda anapita anaona udongo umekauka juu naye anamwagilia, jioni wanakuja wenye zamu yao halali. Tukaning'iniza daftari mlangoni, nani alisoma? Kilichosaidia ni kopo, lipo juu ya kijiti pale mlangoni, aliyemwagilia analipindua, ukilikuta limepinduliwa rudi na ndoo yako. We nyumbani chomeka kidole kwenye udongo, kikitoka na unyevu acha, mbegu usizibananishe, na ile miche iliyolala ng'oa utupe mbali.

Naweza kutumia makumbi ya nazi badala ya udongo wa kununua? (Mikindani)

Tena ndo tunayotumia sisi. Ila uliza yametoka wapi, maana yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi, miche inaungua ncha za majani unabaki kulaumu mbegu. Yapondeponde, loweka maji baridi, kamua, mwaga, rudia hata mara tatu nne, onja maji ya mwisho kwa ulimi (mi naonja, wenzangu wananicheka). Af changanya na mboji iliyoiva vizuri, maana makumbi yanashika maji lakini chakula cha mmea ni kama hamna.

Kantangaze, yule mdudu anayeshambulia nyanya, mnamzuiaje?

Neti ya matundu madogo na milango miwili, unafunga wa kwanza ndo unafungua wa pili. Kipepeo wake anataga kwenye majani, kiwavi anaingia humohumo ndani ya jani anachimba, dawa inamfikia kwa shida. Neti yetu haina tatizo, tatizo ni mtu kapigiwa simu kasimama katikati ya mlango dakika kumi anaongea bei ya korosho.

Mavuno anakula nani? (Shangani)

Waliofanya zamu wanagawana kwanza, inayobaki inauzwa tunanunua mbegu. Ndo makubaliano. Mwaka jana mtu alivuna matango usiku na tunamjua, tulimpa zamu tatu za kuchota maji, yakaisha.

Kwa nini mnatikisa nyanya? Watoto wangu wanasema mnazichezesha ngoma.

Hahaa, waambie ni kweli. Ua la nyanya linajichavusha lenyewe ila linataka kutikiswa, nje upepo wa bahari unafanya hiyo kazi, ndani upepo unaoingia ni mdogo, basi asubuhi tunagonga kamba zilizoshikilia mashina, tap tap, mstari hadi mstari.

Sijawahi kulima hata mchicha, naweza kuja?

Njoo dada, hata mi nilianza na kuokota mawe. Wahi asubuhi kabla jua halijawaka, na ndoo uje nayo, zetu zimebaki mbili na moja inavuja.