Beseni la maji na chenga kwenye skrini

Beseni lenyewe ni la kufulia nguo, nililinunua soko la Gikomba, na limenifunza mengi zaidi kuhusu upasuaji wa mawimbi ya sauti, ule wa kuchoma uvimbe bila kisu, kuliko makaratasi niliyosoma. Kazi yangu ni kutengeneza vifaa vya hospitali hapa Nairobi. Siku hiyo nilikuwa na mashine mbili mezani: ya skani, inayopiga picha kwa mawimbi ya sauti, yenye probu (kichwa kinachotuma na kusikiliza mawimbi) ya tumbo ya megahezi 3.5, yaani mitetemo milioni 3.5 kwa sekunde, na ya fizio, inayotibu misuli kwa mawimbi kama hayo, ya megahezi 1. Nikaweka kipande cha maini cha buchari majini, nikatumbukiza vichwa vyote viwili, nikawasha fizio. Maini yakapotea. Skrini nzima chenga tupu, kama televisheni ya zamani antena ikianguka.

Wanaochoma uvimbe wa kizazi kwa mawimbi makali huku wakitazama kwa skani wanapambana na jambo lilelile, ila kwao ni kubwa zaidi. Fizio hutoa wati chache tu kwa sentimita ya mraba. Ya upasuaji hufika maelfu pale mawimbi yanapokutana, maana nyama haifi papo hapo mpaka ipate joto la nyuzi 60 hivi. Kwa hiyo daktari anapofushwa wakati uleule anaochoma.

Fundi yeyote atakwambia weka kichujio, cha kuzuia mawimbi ya kuchoma yasifike kwenye picha. Mimi pia nilianzia hapo. Kinasaidia, lakini mawimbi makali ya megahezi 1 hayabaki kuwa 1. Yakisafiri huzaa ya 2, ya 3, ya 4, na hayo mawili ya mwisho yanaangukia palepale probu inaposikiliza. Ukiyakata yote umekata na mwangwi wako mwenyewe.

Kilichonifungua macho ni swichi ndogo ya fizio: ipige milisekunde 2, inyamaze 8. Chenga zikajikusanya zikawa mikanda miwili mitatu, na katikati yake mishipa ya maini ikaonekana vizuri kabisa. Hesabu yake si ngumu. Sauti hukimbia mita 1540 kwa sekunde mwilini, kwa hiyo kwenda sentimita 15 na kurudi huchukua milisekunde 0.2. Kila safari ni mstari mmoja wa picha. Ukimya wa milisekunde 8 unakupa mistari 40 safi. Picha ya mistari 128 inataka kama milisekunde 25.

Tatizo, mikanda ilikuwa inatembea. Mara iko pembeni, mara imekaa juu ya maini. Kila mashine ilikuwa na saa yake. Basi ukipata nafasi ya kufanya kazi na mitambo hii, hapo ndipo pa kushughulika kwanza: moja iamrishe nyingine, ili mikanda isimame pembeni na pale panapochomwa pabaki peupe, au mawimbi makali yanyamaze mpaka picha nzima ikamilike. Ukichukua picha 4 kwa sekunde umepoteza sehemu moja ya kumi ya muda wa kuchoma. Usinyamazishe kupita kiasi, kwa sababu damu inayopita hubeba joto na kuondoka nalo.

Ila kabla ya yote hayo, zima mawimbi makali uangalie skrini. Chenga zikibaki, mara nyingi ni za stima. Kuna kliniki moja mtaa wa Umoja mwenyewe alikuwa tayari kununua probu mpya kwa sababu ya mistari iliyokuwa ikikatiza picha. Nilichomoa waya ukutani, mashine ikaendelea kwa betri, mistari ikatoweka. Nikafuata ekstensheni mpaka nyuma ya kitanda: chaja ya simu, ile ya bei ya chini, imechomekwa pamoja na skani, na waya wa athi wa ekstensheni, ule unaoingia ardhini, umekatika kitambo.

Sista akaniuliza sasa simu yake achajie wapi. Nikamwonyesha soketi ya korido.